Ruhusa ya Kutoka

Madam Agnella sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha. Alifika kwa bodaboda kutoka Ifakara mjini, kavaa soksi nyeupe kwenye tope lile, akashuka, akanisalimia kwa Kiingereza. Mimi! Mboni, Mama Ilham, ambaye nimekaa nje ya dirisha la kidato cha pili nikiuza chai na chapati tangu shule haijaezekwa. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, huku kwetu mkubwa anaamkiwa." Akaona haya, akasema shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Lakini nilikuwa nimeshamsoma.

Kumbe ni mtoto wa hapa hapa bondeni, Mndamba, baba yake alikuwa mvuvi. Alinisimulia mwenyewe siku moja akinywa chai kwenye benchi langu. Alipofika chuo cha ualimu alisimama mbele ya wenzake kujitambulisha kwa Kiingereza, wakacheka mpaka mkufunzi akatoka nje akashike mbavu zake huko. Akaapa kwamba mtoto atakayepita mikononi mwake hatachekwa na mtu. Alisema hivyo macho yamemjaa machozi, nami nikamwongezea sukari bila kuombwa. Sikumpenda, sikatai, ila moyo wa mtu naujua.

Basi akaja na sheria zake. Alizipaka kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya ubao, kubwa kabisa, hata mimi nje nilizisoma bila kuzielewa mpaka watoto waliponifafanulia. Darasani ni Kiingereza tu. Ukitaka kusema, nyoosha mkono. Usigeuke nyuma, usimnong'oneze mwenzako. Mstari wenye mtoro, mstari mzima unafyeka nyasi. Na anayeteleza akasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni, kipande cha plaiwudi chenye kamba, anakaa nacho hata mapumziko, mpaka amkamate mwingine aliyeteleza amvishe yeye. Shule nyingi wanacho kibao hicho, si yeye aliyekibuni. Lakini wenzake wanakitumia kwa mchezo mchezo, yeye alikitumia kwa dhati.

Darasa likanyamaza.

Sijui nieleze vipi. Nimezaa, nimelea, kelele za watoto nazijua zinavyopanda na kushuka. Ule haukuwa ukimya wa watoto wanaosoma. Masika maji yanapofunika mashamba ya mpunga mpaka kwenye goli la mpira, asubuhi kunakuwa na ukungu, mlingoti wa bendera huuoni. Wapita njia wa kijiji cha Mofu na baiskeli zao walikuwa wanasimama kuniuliza, "Mama, leo shule imefungwa?" Nawaambia haijafungwa, darasa limejaa hapo nyuma yangu. Wanachungulia dirishani, wanaona vichwa vyote vimetazama mbele, wanapanda baiskeli zao wanaondoka haraka. Njiwa walikuwa wanaingia mlangoni na kutembea chini ya madawati wakidonoa, na hakuna mtoto aliyeinua hata mguu.

Na mitego, jamani! Hiyo ndiyo iliyonitibua. Madam alikuwa akiona wamekaa sana bila kuteleza, anawatega. Anaweka chaki chini, analainisha sauti, anatabasamu, anasema kwa Kiswahili kitamu, "Wanangu, nani anataka chapati ya Mama Ilham? Leo nanunua mimi." Kajinga kamoja kakaropoka, "Mimi, Madam!" Kibao hicho. Chapati hakuiona. Nilikwenda nikamwambia wazi, "Madam, chapati zangu si chambo cha perege." Akacheka, akasema ndivyo wanavyojifunza. Na kweli walijifunza. Baada ya miezi michache ukiwasemesha kwa upole walikuwa wanarudi nyuma.

Jambo jingine alilojivunia ni kuita majina kwa kichwa. Hakushika kitabu. Kila asubuhi akiwa anaandika tarehe ubaoni, mgongo kawapa watoto, anataja jina moja baada ya jingine, na nyuma yake wanaitika, "Present, madam," huyu nyembamba, yule nzito. Anajua kila sauti. Akimaliza kuandika, amemaliza kuita. Mimi nikiwa nakanda unga nilikuwa nasikiliza, mpaka na mimi nikazijua sauti.

Sauti ya Seni isingekupotea. Alikuwa binti wa Kisukuma, wazazi wake wafugaji wa ng'ambo ya mto, mbali, masika hakufikiki. Alipanga chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, geto wanavyoita wenyewe, pamoja na mwenzake wa dawati aitwaye Angelina. Seni ana sauti ya mkwaruzo, chini chini, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Kila mapumziko alikuja kwangu, shikamoo Mama Ilham, anapewa chapati, anakula pembeni kwanza akizunguka mpaka abaki na kipande cha katikati. Nilikuwa namtania kwamba anachunga chapati kwenda zizini.

Basi masika hayo siku moja Seni hakuja. Nikasema atakuwa hana hela, kesho nitamkopesha. Kesho yake hakuja pia, na asubuhi nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akiitika jina. Nikawauliza wasichana waliokuja kunywa chai, "Seni amenuna nini?" Wakatazamana. Mmoja wao alikuwa na kibao shingoni. Wakanywa chai yao haraka, midomo inawaungua, wakaondoka bila kunijibu.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Nikasikia Madam anaita. Alipofika kwa Seni, ikaja ile sauti ya mkwaruzo, "Present, madam." Nikafuta mikono, nikainuka, nikachungulia dirishani ili nimkonyeze aje baadaye tuongee.

Kiti cha Seni hakikuwa na mtu.

Nikasema labda nimekosea dawati. Sikukosea. Angelina huyo hapo, pembeni yake patupu, na watoto wote wametazama mbele, hakuna aliyeshtuka. Haki ya Mungu, nikasoma dua niliyojaliwa kukumbuka. Nilijiambia Mboni, umesikia mtu akiitika ambaye hayupo, na darasa zima wameona sawa. Nilitaka kukimbia. Ila nikaona koo la Angelina linapanda na kushuka, na chozi linashuka shavuni bila yeye kulifuta, nikajua ni nani aliyeitika. Alikuwa ameiga sauti ya mwenzake sawasawa mpaka aliyezijua sauti zote akadanganyika, na mimi pamoja naye.

Hofu ikageuka hasira. Nikaingia darasani na unga wangu mikononi. Madam akageuka, akasema kwa Kiingereza kitu ambacho maana yake niliijua, kwamba humu ndani Kiswahili hakiruhusiwi.

"Kiingereza cha nani!" nikamwambia. "Unayemwita hayupo! Geuka uangalie watoto wako, badala ya kuangalia ukuta!"

Akaangalia. Nilimwona akikitazama kile kiti, chaki imemganda mkononi. Akauliza kwa Kiingereza Seni yuko wapi. Darasa zima likajibu kwa sauti moja, kama walivyofundishwa, kwamba hayupo, madam. Akauliza tena. Wakajibu hivyo hivyo. Kwenye mstari wa Seni walishaanza kuangalia chini, wanajua nyasi zinawasubiri.

Hapo Madam akaiona hatari, maana si mjinga. Wiki ile homa ilikuwa imewapitia watoto wengi. Akaweka chaki chini. Akalainisha sauti, akasema kwa Kiswahili, "Wanangu, Seni yuko wapi? Niambieni tu. Sitampiga mtu."

Loo! Laiti ungewaona. Walifunga midomo. Wengine waliiziba kwa viganja. Alikuwa anawasemesha kwa sauti ile ile ya mtego, kwa maneno yale yale ya wanangu, na chapati zenyewe zimesimama mlangoni, yaani mimi. Nikasema, "Jamani, Madam anasema kweli, mwenzenu anaumwa?" Wakanitazama mimi kama mshirika wake. Madam akazidi kubembeleza, na kadiri alivyobembeleza ndivyo walivyozidi kubana meno. Akaenda akachukua kibao kwa yule msichana aliyekivaa, akajivisha mwenyewe. Akapiga magoti sakafuni, soksi zake nyeupe kwenye vumbi la chaki, akawasihi kwa Kindamba cha mama yake, analia. Mtoto mmoja wa mbele akatikisa kichwa polepole, kama kusema safari hii hunipati. Hakuna niliyemwona mkatili pale. Walikuwa watoto wanaojilinda, na walijilinda kama alivyowafundisha.

Nilimwona Madam akielewa. Uso wake ulibadilika. Akainuka, akafuta machozi kwa mkono mmoja, akanyoosha mgongo, na akatoa ile sauti yake ya kila siku, kavu, ya Kiingereza, sauti ya fimbo. Akamwita Angelina asimame. Angelina akasimama. Akamwamuru ampeleke kwa Seni, sasa hivi. Angelina akatoka kwenye dawati bila kusita, akaongoza njia. Mimi nilichukia kuona kwamba ukali ndio uliofaa. Nachukia mpaka leo.

Njiani Angelina akasema yote, huku anakimbia. Seni aliumwa homa, akamkataza asiseme, maana akirudishwa kwao maji yamejaa hatapita. Wakadhani itapoa kwa vidonge vya dukani. Siku ya kwanza Angelina aliitika ili mstari usifyeke nyasi. Siku ya pili aliitika kwa sababu ya kwanza alishaitika. Mtoto anapoanza uongo kwa huruma hajui ataumalizia wapi, wala sikumlaumu.

Nyuma ya mashine ya kukoboa huwezi kusikia hata unachofikiria, mashine inagonga ukuta unatetemeka. Tulisukuma mlango. Seni alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, amevaa sare kamili. Sweta limefungwa vifungo vyote, viatu miguuni, mikono imekunjwa juu ya magoti kama juu ya dawati. Macho wazi. Alikuwa anatazama ukuta wa mbele, mtupu, na macho yake yalikuwa yanakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, anasoma. Nilimgusa paji la uso nikatoa mkono. Aliwaka.

"Unaumwa wapi, mwanangu?" Madam akamuuliza. Seni akafunga mdomo.

Angelina akakimbia barabarani akamsimamisha Martin, kijana wa bajaji anayepeleka abiria mjini. Tukampakia Seni katikati yetu, mimi huku, Madam huku na kibao bado shingoni, amekisahau. Barabara ya Ifakara masika unaijua au huijui, nusu ni barabara, nusu ni mto. Ukungu haukuwa umenyanyuka, Martin alikuwa anaendesha kwa kukisia, maji yanapiga sakafuni, kulia na kushoto hakuna kitu ila weupe. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Kichwa cha mtoto kilikuwa begani kwangu. Nikahisi pumzi zake zinakuwa chache. Mkono wake niliokuwa nimeushika, uliokuwa unaunguza, ukaanza kupoa kuanzia vidoleni.

Kisha Seni akainua kichwa. Akanyoosha mkono wake mwingine juu mpaka ukagusa turubai la bajaji, kama wanavyofanya darasani, akasubiri. Macho yake hayakutuona. Akasema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, wazi kabisa, "Please madam, may I go out?"

Martin akapunguza mwendo. Kijana mwema. "Nisimame?" akauliza. "Mruhusuni tu ashuke, huenda anataka kujisaidia."

"Usisimame!" nikapiga kelele. Bibi yangu aliyenilea, alikuwa akikaa na wagonjwa mtaani kwetu, na jambo alilolishika kuliko yote ni hili: mgonjwa akianza kuaga, haitikiwi. Akisema naenda, humwambii haya nenda. Akiomba njia, humpi. Wanawake wa kwetu wanalijua hilo na wanalitii, hata waliosoma. Nikamwambia Madam, "Usimwitikie! Anaaga huyo. Ukimpa ruhusa atakwenda."

Madam akamwinamia. "Hapana, mwanangu," akasema kwa upole, "kaa nasi." Na mimi nikasema, kaa mwanangu, kaa. Seni hakusikia. Mkono wake bado uko juu. Akauliza tena, maneno yale yale, na safari hii sauti ilikuwa inatokea mbali, na ule ubaridi ulikuwa umefika kiwikoni. Nilimtazama Madam. Nilijua ninachotaka kumwambia na sikutaka kukisema, mimi niliyeichukia sauti hiyo asubuhi ile ile.

"Mwambie kwa ile sauti yako," nikasema. "Ya darasani."

Akafumba macho. Akavuta pumzi. Kisha akasema kwa nguvu, kwa ukali, mpaka Martin akaruka kwenye kiti chake, "No! Sit down, Seni!"

Mkono ukashuka. Seni akasema, "Yes, madam," akaketi sawasawa. Na pumzi ikarudi. Sisimulii hadithi za kuogofya watoto hapa, nasema nilichokishika kwa kiganja changu: joto lilirudi kwenye ule mkono, kutoka kiwikoni kushuka vidoleni. Aliomba tena tulipopita Lumemo. Aliomba tena kwenye lami. Kila mara Madam alimkatalia kwa sauti ile, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kibao, na kila mara yule mtoto mtiifu aliketi.

Hospitali walimpokea mbio, wakamtundikia maji, wakampa dawa. Nesi, mwanamke mpole, akatuambia tusubiri nje. Madam akashika kitanda kwa mikono miwili. "Siwezi," akasema. "Akiomba ruhusa, wewe utampa. Unaonekana una huruma." Nesi akanitazama mimi, anataka nimthibitishie kama huyu mwenzangu ana akili timamu. Nikamwambia, "Dada, mwache. Ndiye mwalimu wake wa darasa." Wakamwacha akasimama pale kichwani, mgongo umenyooka, mpaka homa ikakata.

Seni akapona. Hakumbuki kitu, si chumba, si bajaji. Kibao hatukukiona tena, na maandishi mekundu Madam aliyafuta kwa chokaa, ingawa mvua ikipiga ukuta yanatokeza kidogo. Ilichukua muda mrefu watoto kumwamini. Siku hizi darasa lina kelele mpaka Mwalimu Mkuu analalamika, na mimi nakanda unga wangu nazisikiliza nashukuru. Nimempenda? Nimempenda. Msinicheke.

Lakini kuna jambo moja. Seni aliporudi, wiki ya kwanza tu, Madam akiwa ubaoni, mtoto akanyoosha mkono kama mtoto yeyote aliyebanwa, akasimama, akaomba ruhusa ya kutoka. Maneno yale yale, sauti ile ile. Nilikuwa dirishani. Madam alifungua mdomo akaufunga. Ndiyo ni neno dogo, hata mimi kwa Kiingereza nalijua. Halikutoka. Darasa linamtazama, Seni anajibana miguu. Mwishowe Madam akaja mpaka pale alipo, hakusema ndiyo wala hapana, akamshika mkono, wakatoka wote wawili, wakavuka uwanja mpaka chooni, akamsubiri mlangoni, akarudi naye amemshika vilevile.

Mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Watoto wameshazoea, wanasema Madam anampendelea. Uhamisho wa kwenda shule nzuri ya mjini ulimjia mwaka jana, akaukataa, ndugu zake wakamwona kachanganyikiwa. Nikamuuliza, utakwenda naye mkono kwa mkono mpaka lini? Akaniambia, "Mama Ilham, mimi nilimwambia hapana. Sijawahi kumwambia ndiyo. Sijui nikisema, atasikia ndiyo ya kwenda wapi."

Sasa Seni yuko kidato cha nne, na Madam amepanda nalo darasa lake. Mwezi wa kumi na moja wanamaliza mtihani, na siku hiyo, kwa desturi ya shule yetu, kila mhitimu anasimama mbele ya mwalimu wake wa darasa, anaomba kwa Kiingereza ruhusa ya kuondoka, na mwalimu anamruhusu. Watoto wameshaanza kushona sare mpya za mahafali. Madam ameanza kukonda.